Milioni Tano za Kuifuta Kariakoo

Swali hunijia karibu kila wiki, na karibu kwa maneno yaleyale: "Kaka, kamera nimeshapata, sasa nataka hamsini ya maana. Nichukue ile f/1.2?" Anayeuliza huwa na miaka ishirini na kitu, amemaliza chuo au yuko mbioni kumaliza, amepiga harusi mbili tatu kwa kumsaidia mtu, na ana ukurasa wa Instagram ambao picha zake, tuseme haki, si mbaya. Mara nyingi swali lenyewe si swali. Ameshaamua. Anatafuta mkubwa mmoja wa kumwambia "chukua mdogo wangu, hutajuta", ili akienda kuomba mkopo awe na kauli ya mtu mwingine mfukoni.

Mimi kauli hiyo simpi. Namwambia asinunue. Ila sababu yangu si ile aliyozoea kuisikia, na hapo ndipo tunapoanza kubishana.

Ile aliyozoea ni hii: kamera haipigi picha, anayepiga ni mpiga picha. Nimeuchoka usemi huu. Wanaousema kwa sauti kubwa ni watu wenye mabegi yaliyojaa, wanaoingia ukumbini na kamera mbili shingoni na kijana wa kuwashikia taa. Seremala hatuambiwi kwamba randa haina maana, wala mama lishe hatumwambii kwamba sufuria ni mawazo tu. Vifaa vina maana. Lenzi yenye kuvu inatoa picha yenye ukungu hata ikishikwa na nani. Kwa hiyo simwambii kijana kwamba lenzi si kitu. Ninachomwambia ni kwamba tukae chini tuitazame lenzi yenyewe, tujue fedha inanunua nini hasa. Wengi wanaoitamani hawajawahi kufanya hivyo, na wanaoiuza hawana haraka ya kuwasaidia.

Tuchukue kampuni moja tu, Canon, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa zaidi. Kwa kamera zake za mfumo wa RF kuna hamsini mbili zinazowagawa vijana. Ya kwanza, RF 50mm f/1.2L, ilitoka mwaka 2018 kwa bei ya dola 2,299 kule Marekani. Ina vipande 15 vya kioo na uzito wa gramu 950, yaani pakiti ya kilo ya sukari iliyokwisha kunywesha chai watu watano. Ya pili, RF 50mm f/1.8 STM, ilitoka mwaka 2020 kwa dola 199. Ina vipande 6 vya kioo na gramu 160. Kwa shilingi zetu, kabla hujalipa usafiri na ushuru, ile ya kwanza ni zaidi ya milioni tano. Kwa fedha hiyo mtu ananunua pikipiki ya bodaboda na kubaki na chenji ya maana.

Sasa hesabu. Bei ni mara 11 na nusu. Uzito ni karibu mara 6. Mwanga je? Namba hiyo ya f ni urefu wa lenzi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu lake: kwenye f/1.2 tundu la hamsini lina upana wa karibu milimita 42, kwenye f/1.8 karibu milimita 28. Ukienda kwenye eneo la duara, mwanga unaoingia unazidi kwa mara 2 na robo. Kwa lugha ya kazini, stopu moja na chembe. Mahali ambapo ile ghali inapiga kwa ISO 1400, ile rahisi inapiga kwa ISO 3200. Kamera yoyote iliyotengenezwa miaka ya karibuni inaibeba ISO 3200 bila kutoa jasho.

Mtu atasema sijaitendea haki, kwamba fedha ile hainunui tundu peke yake. Ni kweli. Ile ghali ukiifungua mpaka mwisho inabaki kali hadi kwenye kona. Shela nyeupe mbele ya suti nyeusi haitoi ule mstari wa zambarau unaotia aibu. Mota yake ni ya haraka na tulivu, ya mwenzake inasikika ukiwa unarekodi video kimyakimya. Ina mipira ya kuzuia vumbi na manyunyu. Nimeishika, nimeipigia, ni lenzi nzuri mno, na anayesema ni ujanja mtupu wa kibiashara hajaitumia. (Mipira hiyo, kwa taarifa tu, haizuii kuvu. Joto na unyevu wa Dar havibagui. Lenzi ya milioni tano iliyolala kwenye begi la kitambaa masika nzima inaota kuvu sawasawa na ya laki tano. Dawa yake ni chombo cha plastiki kinachofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, vitu vya elfu chache.)

Lakini punguza tundu hadi f/4, hadi f/5.6, na tofauti zote hizo zinaanza kuyeyuka. Chapa picha mbili kwenye karatasi ya A4, zitandaze mezani. Sijakutana na bibi harusi, wala mhariri, aliyeweza kusema ipi ni ipi. Na wengi hawafiki hata kwenye A4. Picha inakwenda Instagram, ambako upana wake unashushwa hadi pikseli 1080, au inakwenda kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, ambako inabanwa tena mpaka shangazi aliyeko Songea aipokee kwa bando la siku. Ile kona kali uliyoinunua kwa mkopo inafia njiani.

Kuna jambo moja kuhusu hamsini ya bei rahisi ambalo ningependa kila kijana alijue kabla hajaidharau. Tunadhani ni rahisi kwa sababu ni duni. Ni rahisi kwa sababu ni ya zamani. Ukoo wake unarudi hadi mwaka 1896, wakati Paul Rudolph wa Zeiss kule Ujerumani alipobuni lenzi aliyoiita Planar: vipande sita vya kioo, vitatu mbele ya tundu na vitatu nyuma, karibu kama mtu na kivuli chake kwenye maji. Ilikuwa ya hali ya juu na ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kila mahali kioo kinapokutana na hewa, mwanga kidogo unarudi ulikotoka, na Planar ilikuwa na mipaka ya namna hiyo mingi, kwa hiyo picha zake zilipauka. Rudolph mwenyewe mwaka 1902 akatoa Tessar, yenye vipande vinne tu, nayo ikatawala. Planar ilisubiri hadi mwaka 1935, Alexander Smakula, akiwa Zeiss hukohuko, alipobuni njia ya kukipaka kioo utando mwembamba usioonekana unaozuia mwanga kurudi. Hapo ukoo wa vipande sita ukafufuka, na tangu hapo viwanda vya Ujerumani, Japani na kwingineko vimeusugua, vimeukosoa na kuurahisisha kwa miongo mingi, mpaka leo mashine inazitoa kama chapati. Unapolipa dola 199 unapewa kitu ambacho dunia imejifunza kukitengeneza kwa zaidi ya karne. Sijui kifaa kingine cha kazi hii kinachokupa kiasi hicho kwa fedha hiyo.

Basi sababu moja tu inabaki ya kulipa mara 11 na nusu: f/1.2 yenyewe. Asiyepiga kwa f/1.2 amenunua pakiti ya sukari ya kutembea nayo. Na anayepiga kwa f/1.2 anapata nini?

Anapata wembamba. Simama mita moja kutoka kwa mtu, fungua hadi mwisho, na sehemu iliyo kali katika picha ina unene wa sentimita 3 hivi. Jicho limo. Ncha ya pua haimo, sikio halimo. Mtu akigeuza uso kidogo, jicho la pili nalo linatoka. Ukirudi nyuma hadi mita moja na nusu unapata sentimita 6 na kitu. Jaribu kuwaweka mama, baba, wajomba wawili na bibi aliyeketi kwenye sentimita 6. Kwa hiyo picha inayopigika kwa f/1.2 ni ya aina moja: mtu mmoja, ametulia, anatazama kamera, na nyuma yake dunia imegeuka maziwa yaliyomwagikiwa rangi.

Hayo maziwa ndiyo bidhaa. Milioni tano zinanunua maziwa. Na ugomvi wangu wa kweli uko hapa, kwa sababu kile kinachogeuzwa maziwa ni mji wetu.

Fikiria Seydou Keïta. Alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akapiga picha za watu wa mji ule uani, kwa mwanga wa jua, kwa kamera kubwa ya sanduku. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake. Baadaye akawa analibadilisha kila baada ya miaka kadhaa: maua, majani, mapambo ya kukunjana. Miongo ilipopita na watu wakataka kujua picha gani ni ya mwaka gani, Keïta alitazama pazia. Pazia ndilo lililokuwa kalenda. Uso wa mteja haukumwambia mwaka, wala tabasamu. Kilichomwambia ni kitambaa kilichoko nyuma, kwa sababu kilionekana, nyuzi na maua yake yote.

Utaniambia kwamba hata Keïta alikuwa anauficha ua wake. Alikuwa anauficha, ndiyo. Lakini alichoweka badala yake alikiweka kionekane, na mbele yake akaweka redio, saa ya mkononi, skuta, vitu ambavyo Mbamako wa miaka ya 1950 alitaka kuonekana navyo. Ukungu wa f/1.2 hauweki kitu badala ya kile unachokiondoa.

Au mfikirie James Barnor, Mghana aliyekuwa na studio Accra kisha akapiga picha London kwa ajili ya jarida la Drum. Kuna picha yake maarufu ya mtangazaji Mike Eghan pale Piccadilly Circus mwaka 1967, mikono ameitanua kama anataka kuukumbatia mji mzima. Nyuma yake taa za matangazo zinawaka. Zigeuze taa hizo ziwe viduara laini vya rangi, na unabaki na kijana mzuri aliyevaa vizuri, mahali popote, mwaka wowote. Picha ile ina uzito kwa sababu Mwafrika yule yuko *pale*, katikati ya London, na anaonekana kupamiliki. Ondoa pale, umeondoa habari yote.

Karibu na nyumbani, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Anayezitazama picha zao leo hatafuti uso wa mtu asiyemfahamu. Anatafuta mtaa, baraza, mlango, jahazi, kitambaa alichovaa mtu na duka lililokuwa pembeni yake.

Nami nina yangu. Kwenye albamu ya mama kuna picha yake akiwa msichana, amesimama Kariakoo, mkoba mkononi, amekunja uso kwa jua. Aliyeipiga alikuwa mpiga picha wa mtaani, jina lake halipo nyuma ya picha. Si picha nzuri. Kichwa kiko katikati kabisa, miguu imekatwa. Lakini nyuma ya mama kuna basi la UDA, kuna kibao cha duka la vitambaa kinachosomeka mpaka herufi ya mwisho, na kuna mwanamume anayepita amebeba kitu tulichobishania miaka mingi, mimi nikisema ni cherehani, kaka yangu akisema ni redio. Mwaka wa picha ile mama hakuukumbuka. Ni shangazi aliyesoma kibao akasema, aa, hapa mwenye duka alikuwa hajahama, basi ni kabla sijaolewa. Familia ikapata tarehe kutoka kwenye kibao cha duka. Mpiga picha yule hakuwa na nia hiyo. Jua lilikuwa kali, tundu lake lilikuwa dogo, na kila kitu kikaingia.

Sasa fikiria kijana wangu wa f/1.2 kwenye mtaa huohuo. Mbele ya soko la Kariakoo, lile jengo la Beda Amuli la miaka ya 1970 lenye miavuli mikubwa ya zege, anamsimamisha dada yake, anafungua lenzi hadi mwisho. Dada anapendeza. Soko limekuwa doa la kijivu. Julai 2021 soko lile liliungua moto. Maelfu ya watu walikuwa wamepigwa picha mbele yake miaka kumi iliyotangulia, katika kipindi ambacho kila mtu alikuwa na kamera, na sitashangaa kama katika albamu nyingi soko litakuwepo tu kama doa. Mji huu unabomolewa na kujengwa mbele ya macho yetu: ghorofa inaota mahali palipokuwa na nyumba ya Waswahili yenye baraza, barabara ya mwendokasi inakula vibanda, mwembe unakatwa. Kizazi chenye kamera nyingi kuliko vyote vilivyotangulia kinalipa fedha nyingi ili hayo yasionekane.

Ninajua jibu linalokuja: wateja ndio wanataka. Ni kweli, wanataka, na mwenye kula kwa kazi hii hawezi kumfukuza mteja kwa hotuba. Lakini tujiulize walijifunza wapi kutaka. Apple ilipoweka kitufe cha kufifisha nyuma kwenye iPhone 7 Plus mwaka 2016, wengine wakafuata, na leo simu ya kawaida kabisa inafanya hivyo kwa programu, bila kioo chochote cha ziada. Ule ukungu uliokuwa alama ya mpiga picha mwenye fedha sasa ni kitufe kwenye simu ya mteja mwenyewe. Unakwenda kukopa milioni tano ili umpe kitu ambacho tayari kiko kwenye mkoba wake. Utasema wako ni mzuri zaidi, nywele hazikatwi vibaya. Sawa, ni mzuri zaidi. Yeye ataiona tofauti hiyo kwenye WhatsApp?

Wengine wanaouza hamu hii ni wapima lenzi wa mtandaoni. Wengi wao ni watu wema na wanajua kazi yao. Lakini video inaisha na kiungo cha kununulia chini yake, na kila anayenunua kupitia hapo humwachia mwenye video kamisheni. Neno lao la mwisho huwa "kama una uwezo, nunua". Uwezo wa nani? Mtu anayeongea kutoka nchi ambako lenzi hiyo ni mshahara wa wiki chache anamwambia "kama una uwezo" kijana ambaye kwake ni karo ya mdogo wake. Kijana anasikia "nunua".

Na wa nyumbani wapo. Kuna kamati za harusi ambazo zimejifunza kuuliza "una lenzi gani?" kabla ya kuuliza "tuone kazi zako". Kuna wakubwa wa fani wanaowapanga vijana kwa vifaa, huyu mezani na huyu jikoni. Lenzi imekuwa kama suti ya usaili, kitu cha kuonyesha kwamba unastahili kuingia. Hilo ni tatizo la kweli na silipuuzi. Ila dawa yake ipo na ni nyepesi: kodi. Dar na Nairobi kuna watu wanaokodisha lenzi kwa siku. Siku ya kazi kubwa, ichukue, ivae, irudishe Jumatatu, na gharama iweke kwenye bei ya mteja aliyeitaka.

Namfahamu kijana aliyeuza pikipiki aliyokuwa akiikodisha kwa dereva, akaongezea mkopo wa kausha damu, akanunua. Ilikuwa Februari 2025. Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima ziliingia pamoja, mwanzoni mwa Machi. Waislamu hawaozi, Wakristo hawaozi, kumbi zimepoa, MC wamelala. Mkopo wa kausha damu haufungi Ramadhani wala hauingii Kwaresima. Tuseme kila harusi ingempa laki mbili mkononi baada ya nauli na mgawo wa mwenye kazi: angehitaji karibu harusi 29 kufidia lenzi tu, bila riba. Kufikia Pasaka lenzi ilikuwa kwenye droo ya mkopeshaji, mtu ambaye hajui f/1.2 ni nini na hana haja ya kujua. Picha alizopiga kwa wiki zile chache ninazo baadhi. Ni nyuso nzuri sana, na huwezi kujua hata moja imepigwa wapi.

Wapo wanaopaswa kuinunua. Anayepiga kwenye kumbi zenye giza usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, ambaye hamsini yake ya f/1.8 imemwangusha mara nyingi kiasi cha kuweza kuzitaja, na ambaye fedha imeshaingia, huyo hanihitaji mimi. Anayeipenda tu, kama mtu anavyopenda saa ya mkono au kanga za Mombasa, na ananunua kwa akiba yake bila kumgusa mama kwenye kikoba chake, huyo naye sina neno naye. Mapenzi hayafanyiwi mahesabu. Stanley Kubrick alipotaka kupiga Barry Lyndon, filamu iliyotoka mwaka 1975, kwa mwanga wa mishumaa mitupu, alitafuta lenzi za Zeiss za f/0.7 zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, akalazimika kuichonga kamera ili ziingie. Ukichaa mtupu, na ninauheshimu, kwa sababu giza lilitangulia. Alikuwa na chumba, na mishumaa, na tukio lisilopigika kwa njia nyingine, ndipo akaenda kutafuta kioo. Vijana wangu wana kioo kichwani na hawajaniambia bado ni giza gani.

Nikiwauliza, "Unataka kupiga nini ambacho sasa hivi kinakushinda?", wengi wananyamaza. Mmoja alinijibu vizuri: alitaka kupiga picha za wavuvi wa Feri alfajiri, kabla jua halijachomoza, wakati mnada unaanza. Hilo ni jibu. Tukakaa kulipigia hesabu. Wavuvi hawatulii, kwa hiyo sentimita 3 hazimsaidii. Anataka samaki aonekane na mnadi aonekane na wanawake wenye ndoo waonekane, kwa hiyo f/1.2 haimsaidii. Anahitaji kamera inayobeba ISO kubwa, ambayo tayari anayo, ruhusa ya wenye mnada, ambayo haiuzwi dukani, na kuamka saa kumi usiku kwa miezi kadhaa. Akanunua hamsini ya f/1.8 na viatu vya mpira. Viatu vya mpira ndivyo vilivyomfanya akubalike. Aliyekuja na raba nyeupe sakafu ile ilimkataa siku ya kwanza.

Kwa hiyo ukiniuliza wiki hii, jibu ni lilelile. Usinunue. Na hata ukishikilia ile ya bei rahisi, usikimbilie kuifungua hadi mwisho kwa sababu tu inafunguka. Weka f/5.6. Rudi nyuma hatua mbili. Acha kibao cha duka kisomeke, acha daladala ipite na maandishi yake ya kisogoni, acha yule mwanamume aliyebeba kitu kisichoeleweka aingie kwenye picha. Na kama umeshafika dukani, fedha iko mfukoni na muuzaji anakutazama, chukua ile ya dola 199 na betri ya pili. Betri ya pili utaihitaji Jumamosi, MC akianza kuwaita wajomba mmojammoja.